Nani Alimfuta Mzee Miwani

Shoga, usipige, niko chooni kazini, nitalia.

Si unajua kazi yangu hapa kasino ni kuandika ubaoni nani anasubiri kiti cha poka? Mzee Miwani alikuwa wa kwanza, kasubiri saa tatu nzima, hata maji hajaletewa.

Kiti kikapatikana. Shemeji, na umeneja wake wote, akamfuta mzee kwa kidole chake, akaandika rafiki yake aliyeingia dakika hiyo hiyo. Kwa kidole chake! Nimeona!

Mzee akawaka, "Nani kanifuta?"

Shemeji akasema, "Tuwie radhi mzee wangu, huyu binti shule iliishia njiani, majina yanamchanganya."

Meza zote zikacheka. Shule iliishia njiani! Na kidole anachoninyooshea bado kina wino wa ubao.

Eti nikiri kosa mbele ya mzee, la sivyo nivue sare niende.

Nikampigia dada, nikijua huyo ni damu yangu. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Si ukiri tu? Usimwaibishe mume wangu kazini kwake."

Mume wangu, shoga. Hakusema hata shemeji yako.

Sare nimeshavua.