Nilimpa Baba Kiti Changu cha Nyuma, Sasa Kaka Anamshtaki Mhudumu wa Ndege

Mshauri wangu mpendwa, nimekusoma miaka mingi kila Jumatano wakati wa chakula cha mchana pale chekechea ninapofanya kazi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeshika kalamu mimi, lakini nimefika mahali ambapo simu ikilia mwili mzima unakufa ganzi, kwa hiyo naomba unisaidie kabla jambo hili halijanimaliza.

Nina miaka arobaini na tisa, naishi Randers, Denmark, na nina kaka mmoja, Preben, aliyenizidi miaka mitano. Baba yetu, Aksel, ana miaka sabini na minane, alikuwa fundi bomba maisha yake yote, na moyo wake ni mgonjwa tangu mama alipofariki, hivyo hatoki nyumbani bila kichupa cha dawa ya kupuliza chini ya ulimi, kifua kikimbana anapuliza na mambo yanatulia. Dada yake, shangazi Ingelise, yuko Toronto, hawajaonana miaka kumi na tisa, na mwaka huu shangazi alipoanza kudhoofika Preben akasema baba lazima aende, tena aende kama mtu, asikunjwe kama kisu cha mfukoni. Akamkatia tiketi ya daraja la mbele, kile kiti kinacholazwa kikawa kitanda, mimi nikakatiwa ya nyuma ili nimsindikize, na uwanjani Copenhagen akanishika bega akaniambia, "Bodil, kazi yako ni moja tu. Kila saa uende ukamwangalie."

Nikamjibu, "Kwani ni baba yako peke yako?"

Na kweli nilikwenda mara ya kwanza, nikaenda mara ya pili, na mara ya tatu baba akaniona ninavyojishika kiuno, maana kazi yangu ni kuinua watoto kutwa nzima na mgongo wangu umekwisha, akasema, "Wewe, kaa hapa. Hawa watu wananiletea taulo la moto kila nikigeuka. Mimi si mtoto mchanga wa kufutwafutwa."

"Baba, kiti hiki ni chako. Preben amekununulia."

"Basi kama ni changu, nampa nimtakaye. Masaa mawili tu, unyooshe mgongo, halafu uje unirudishie."

Sikumwambia mhudumu yeyote kwa sababu nilijua wangekataa, mtu wa nyuma haruhusiwi kulala mbele hivihivi, na baba akapita pazia kama anayekwenda msalani, akaenda kukaa kwenye kiti changu 34E katikati ya watu wawili tusiowajua, nami nikajilaza. Koti lake lilikuwa limetundikwa kabatini kule mbele tangu tulipopanda, kichupa kiko mfukoni mwa koti, na kati yetu wawili hakuna aliyekumbuka. Mhudumu wa upande ule, dada mmoja aitwaye Sidsel, alipita akauliza, "Na yule mzee wa hapa?" Nikamwambia, "Ananyoosha miguu, anarudi sasa hivi." Akatabasamu, akaniletea blanketi la pili.

Sasa nafika pale ambapo sijamwambia mtu. Nilikuwa nusu usingizini niliposikia kwenye kipaza sauti wanauliza kama ndani ya ndege kuna daktari, ajitokeze kwa wahudumu, na mimi nikawaza, maskini, mtoto wa watu huyo, nikavuta blanketi mpaka shingoni, nikalala tena. Nililala, mshauri. Baba yangu yuko sakafuni, mimi namwonea huruma mtu nisiyemjua kisha nalala.

Aliyeniamsha ni Sidsel, uso umemtoka rangi, akasema, "Yule mzee ni nani wako?" na sikusubiri amalize. Nilimkuta kwenye njia ya katikati, shati limefunguliwa, uso kama majivu, na aliyepiga magoti kando yake alikuwa daktari wa mifugo, ndiye pekee aliyepatikana. Baba hakuweza kusema. Walipoangalia orodha ya abiria walisoma kwamba kiti kile ni cha mwanamke wa miaka arobaini na tisa anayeitwa Bodil, kijana wa kando alikuwa na vidude masikioni akasema yeye hajui, aliona mwanamke halafu akaona mzee, basi zikapita dakika kumi na mbili hakuna ajuaye huyu ni nani, anaumwa nini, anatumia dawa gani, mpaka Sidsel alipokuja nyuma kuleta oksijeni akaitambua sweta ya kijani ya yule mzee wake wa kule mbele. Nikakimbilia koti, dawa ikapulizwa, rubani akageuza ndege kuelekea Iceland, na kwa dakika arobaini nilishika kiatu cha baba tu, kwa sababu ndiyo nafasi pekee iliyobaki ya kumgusa.

Alipona, Mungu ni mwema, alilazwa siku kumi na moja Reykjavik kisha tukarudi nyumbani, Toronto hatukufika. Lakini Preben alipoingia wodini siku ya pili, kabla sijafungua mdomo, baba akasema, "Nilikuwa nimelala kwenye kitanda changu kule mbele, nikaamka kifua kimebana." Akanitazama, akafumba macho. Nami nikanyamaza.

Preben akashika moto. "Yaani kiti cha bei ile, mhudumu yuko hatua tatu, na mzee anakaribia kufa hakuna anayemwona? Huyo Sidsel alikuwa anafanya nini, anapaka kucha?" Ameiandikia kampuni ya ndege, amemtaja kwa jina, anataka achukuliwe hatua, na wamemjibu kwamba wanachunguza na watatoa maelezo kamili ndani ya wiki mbili. Kila Jumapili tunapokula kwa baba anatusomea anachopanga kuandika tena. Baba ananiambia jikoni, "Mwache, atapoa," halafu anasema mwezi wa tano tujaribu tena kwenda kwa shangazi, na safari hii niwahi mapema kulala kwenye kitanda chake. Anacheka. Mimi naosha tena sahani niliyokwisha kuiosha.

Naogopa jibu la kampuni, kwa sababu litakuwa na namba ya kiti. Naogopa macho ya Preben. Naogopa wakigombana mbele ya baba moyo wake utasimama, na safari hii itakuwa mimi nimemuua kweli. Juzi dukani walitangaza jambo kwenye kipaza sauti, nadhani ni gari lililoziba njia, nikaacha kikapu changu na maziwa na mkate mweusi nikatoka nje mbio. Nifanye nini? Ninyamaze nimlinde baba, au niseme niivunje familia?

Mwenye hofu, Randers

*

Mwenye hofu,

Majina yote nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Pole sana. Baba akimwona mwanawe kiuno kimemkatika atampa kitanda chake, na mtoto aliyechoka atakipokea, hapo sikulaumu. Wala sikulaumu kwa lile tangazo. Waliita daktari, na wewe si daktari. Watu zaidi ya mia mbili walisikia wakaendelea na filamu zao. Hukujua ni baba yako. Ila huko kutoka mbio dukani si jambo la kubeba peke yako, kwa hiyo weka miadi na daktari wako wiki hii umweleze kama ulivyonieleza.

Sasa nikugombeze, maana umeniandikia kurasa nne za woga. Umemwogopa kaka, umeogopa barua, umeogopea moyo wa baba. Nimetafuta mstari mmoja tu unaomwogopea Sidsel, sikuuona. Huyu ni mtu aliyekuuliza swali la kazi yake, ukamdanganya, akakuamini, akakuletea blanketi. Ndiye aliyeitambua sweta. Bila macho yake, zile dakika kumi na mbili zingekuwa ishirini na leo ungekuwa unaniandikia habari za mazishi. Na hivi sasa jina lake liko mezani kwa mkubwa wake, kwa kosa la kutomwona mtu ambaye hakuwepo. Wewe unakula Jumapili huku hayo yakisomwa mezani.

Usijifariji kwamba kampuni itagundua yenyewe. Pengine itagundua, pengine itamlipa Preben anyamaze na kumhamisha dada wa watu. Na ikigundua, wewe utakuwa umefumaniwa. Bado una siku chache za kukiri kwa mdomo wako mwenyewe.

Unasema unanyamaza kwa ajili ya moyo wa baba. Hebu mfikirie huyo mzee. Alisema uongo mmoja akiwa na mipira puani, kwa mapenzi, akidhani umeishia pale wodini. Hakujua mwanawe angeugeuza mashtaka. Sasa kila Jumapili anakaa anasikiliza, na hajui pa kutokea, kwa sababu akisema ukweli atakuwa amekusaliti wewe. Unadhani hayo yanaupumzisha moyo? Anakungoja wewe, nawe unamngoja yeye.

Fanya hivi. Leo ukitoka kazini pita kwa baba. Usimwombe ruhusa. Mwambie kwa upole, "Baba, kesho namwambia Preben," kisha mwache aseme atakalo. Kesho nenda nyumbani kwa Preben, usipige simu, usitume ujumbe, wala usingoje siku ambayo baba yupo. Mweleze yote tangu taulo la moto, pamoja na lile la "ananyoosha miguu", pamoja na usingizi. Atakasirika, na ana haki. Aliogopa kufiwa akiwa mbali, na hofu yake ikatafuta mtu wa kumwangukia. Usijitetee, usilie ili akuonee huruma, na usiondoke mpaka amemaliza.

Akimaliza, mwombe aandike barua ya kufuta malalamiko. Akikataa, ni shauri lake, wewe andika yako hata hivyo. Weka jina lako kamili, tarehe ya safari, namba za viti vyote viwili, na useme waziwazi kwamba Sidsel aliuliza baba yako yuko wapi nawe ukamdanganya. Iwe fupi, na mgongo wako usiingie humo.

Kuhusu mwezi wa tano, wa kuamua ni daktari wa moyo, si baba yako wala wewe. Akiruhusu, kateni viti viwili vilivyopakana, viwe vya mbele au vya nyuma, kimoja chako kimoja chake. Dawa ikae mfukoni mwa shati. Akisogea hata safu moja, mhudumu aambiwe. Na kwa kuwa shangazi yenu hana uhakika wa kufika mwezi wa tano, mpigieni simu ya video Jumapili hii, muda ule ambao Preben amezoea kusoma barua zake.

Kwa kaka yako huenda ukapoteza wiki kadhaa za mazungumzo, pengine Krismasi moja. Sidsel anaweza kupoteza kazi. Barua ya kampuni ipeleke posta kwa mkono wako mwenyewe, kabla ya Ijumaa kwisha.