Hiyo Salama Uliyoambiwa

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vitambaa,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Profesa wa simu,

Pokea salamu zangu, ingawa nakutumia huku nimekaza meno. Hujambo? Kifua kimepona lile vumbi la chuma? Unaivaa miwani ya kuchomelea, au bado unaitundika shingoni kama mkufu? Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi, na akishafika juu anatusumbua sisi.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshatoa ushauri. Karatasi huwezi kuikatiza, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Uliambiwa mkeo amejifungua salama, mtoto wa kike. Mtoto wa kike ni kweli. Hiyo salama aliitunga Mama, eti usije ukatetemeka ukiwa juu ya daraja na moto mkononi. Mkeo akanyamaza, unamjua, hapendi maneno. Mimi hakuna aliyeniuliza. Ningeulizwa ungejua siku ileile.

Nianze mwanzo. Unakumbuka mkeo alivyokulalamikia kwamba akikojoa panawaka, na kila mara anahisi haja? Pale karakana ya sare anakoshona, choo kiko chini uani, na ufunguo anakaa nao msimamizi kana kwamba ni wa benki. Ukiomba, anaangalia saa. Basi wifi yangu akawa hanywi maji ili asije akaomba ufunguo. Mwanamke mwenye mimba, joto lile, cherehani kutwa nzima, hanywi maji! Nilipojua nilitamani kumchapa yeye na msimamizi wote wawili.

Nikampeleka kliniki mwenyewe. Mkunga akapima mkojo, akasema una bakteria. Akampa vidonge vinavyofaa kwa mjamzito, akatuambia wazi, mimi nikiwa nimekaa pale pale: "Mama, kuwaka kutaisha mapema. Kuwaka kukiisha, ugonjwa haujaisha. Meza zote." Kuna Kiswahili kigumu hapo?

Siku ya pili kuwaka kukakoma, na wewe ukapiga simu. Profesa akanena: mimba na dawa kali haviendi pamoja, aache, anywe maji tu. Wewe! Je, mimi nimewahi kukufundisha kuunga vyuma? Nimewahi kukwambia nguzo ile iache, imeshashika? Na mkeo, kwa kukuheshimu, akaacha.

Vilivyobaki vikaenda wapi? Kwenye kopo la Mama, bila shaka. Unalijua lile kopo la maziwa juu ya kabati: asiyemaliza dawa anatia, mwenye kuumwa anachota. Mama hujisifu kwamba nyumba yake haijawahi kulala bila dawa. Dawa za kumlinda mjukuu wake akazimeza yeye kwa ajili ya jino. Na jino halikupona.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wiki chache baadaye mkeo alianza kutetemeka akiwa kwenye cherehani. Homa, kutapika, mgongo upande mmoja hata kuguswa haguswi. Wenzake wakamfunika kwa sare ambazo hazijatiwa vifungo, wakaniita. Tulipofika hospitali daktari akasema bakteria wamepanda kutoka kwenye kibofu mpaka kwenye figo, na ugonjwa wa namna hiyo unaweza kuingia kwenye damu ukamwondoa mama, na unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Alikuwa hajamaliza kusema, uchungu ukaanza.

Ndugu yangu, niliogopa. Nasema wazi. Mkeo midomo ilikuwa imekauka, ananiita kwa jina la mama yake, na mimi namwitikia tu.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo, analia kama mtu anayenong'ona. Kesho yake akaanza kupumua mbio mbio na mwili ukawa wa baridi. Wakahofia naye ana maambukizi kwenye damu, wakamtia sindano ya mshipa mkononi, mkono wenyewe mwembamba kuliko kidole changu cha gumba. Ndiyo ile "yuko hospitali kidogo anaangaliwa" uliyosimuliwa.

Mungu ni mwema, mtoto amepata nafuu. Sasa anapumua vizuri, ana joto lake, anameza maziwa ya mama yake kwa kikombe kidogo, na akikasirika anakunja uso, wewe mtupu. Homa ya mkeo nayo imeshuka. Kama si hivyo ungekuwa unasoma barua nyingine kabisa.

Sasa ndipo ninapotaka kupasuka. Juzi ulipiga simu. Ulisikia kwa Mama kwamba mtoto anachomwa sindano lakini maziwa anakunywa, ukatoa amri: kama anakula amepona, sindano zinatosha, atolewe aletwe nyumbani. Na Mama, badala ya kukunyamazisha, ameshaanza kufua nepi! Sikio la kufa kweli halisikii dawa. Kosa ni lile lile: kuona nafuu mkadhani mmemaliza. Safari ile mama mtu alikuwa na nguvu za kupigana. Safari hii mnataka kumkatia dawa mtoto ambaye hata kichwa chake hawezi kukiinua. Bakteria wakirudi, daktari amesema, huenda wasitupe nafasi ya pili.

Kopo nimelimwaga. Mama amenuna, shikamoo yangu haitikii, na chai anajipikia mwenyewe. Anune tu.

Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza mkeo asikutii. Leo nimekwenda wodini nimebeba hotuba nzima. Nimemkuta amekaa kitandani, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mpira wa dawa umening'inia. Hakuningoja nifungue mdomo. Yule yule asiyependa maneno ameniambia: "Wifi, mwandikie mdogo wako. Mwambie nilimsikiliza mara moja, nikakaribia kumzika huyu. Sitoki hapa mpaka daktari aseme. Akitaka kunitoa, aje mwenyewe anitoe."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikupunguza wala sikuongeza.

Wasalimie mafundi wenzako wote hapo darajani, hasa yule mpishi wenu anayekuvumilia. Mama anakusalimu, ingawa salamu zake nimezipokea kupitia mlangoni. Mungu akushike mkono huko juu, na amshike mtoto huku chini. Ukipata ruhusa, njoo. Ushauri uache huko huko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo ambapo ningekuzaba kibao,
Shangazi wa mtoto.