Robo ya Duara

Jumatatu, 27 Oktoba 1980

Nimepika, nimeosha vyombo, nimerudi kwa integrali, hesabu ya kutafuta eneo. √(9 − x²). Tangu Ijumaa ni hiyo moja tu. Kitabu kinasema weka x = 3 sin θ. Kwa nini? Hakisemi. Nakariri tu. Nachukia kukariri.

Jumatano, 29 Oktoba

Mwaka jana nilifeli hesabu. Kaka Wekesa, ninayekaa naye hapa mtaani Lindi, si mbali na Kawangware, akanikubalia nirudie Form Six. Leo amesema, bila ukali: "Ukianguka tena, Nasimiyu, urudi nyumbani Bungoma. Mimi nimejaribu."

Simlaumu. Naogopa sana.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mwende, tunayekaa naye dawati moja, ameangalia kazi yangu. "Umebadilisha x ukaacha dx vilevile. Wewe unaharakisha kila kitu." Darasa zima limesikia. Nimekasirika. Sijamsemesha siku nzima.

Tena ni kweli.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeshindwa kuvumilia. Nimetembea mpaka Kabiro, kule Kawangware, kwao Mwende. Nimemkuta anafua. Nikaanza kujieleza, akanikatiza: "Wacha hizo. Shika blanketi tukamue."

Halafu akaokota kipande cha makaa, akachora pembetatu sakafuni, yenye pembe mraba. Upande mrefu, 3. Unaosimama, x. Wa chini akaniachia mimi. Nikapiga hesabu: √(9 − x²).

Kumbe! Ni upande wa pembetatu tu. Ndiyo maana sin: x gawa kwa 3. Siku zote hizi nakimbia upande wa pembetatu!

Mama yake ametufokea kwa kuchafua sakafu. Tumeipiga deki tukicheka.

Jumanne, 4 Novemba

Mtihani. Swali la sita: √(25 − x²), kutoka 0 hadi 5. Kichwa tupu kabisa. Nikachora pembetatu pembeni. Pole pole mengine yakaja. dx nimebadilisha. Mipaka pia. Jibu: 25π/4.

Nikalitazama. Hiyo si robo ya duara, nusu kipenyo 5? Eneo ni lile lile! Basi niko sawa. Sihitaji kumuuliza mtu.

Nimetoka nikakaa kwenye nyasi. Mwende amepata hivyo hivyo. Tumeshikana mikono kama watoto. Mungu, asante.

Jumatano, 5 Novemba

Kaka ameuliza asubuhi, "Vipi hesabu?"

"Nimeiweza."

Akanimiminia chai, akaenda kazini.

Mvua imenyesha kutwa. Nimelala mchana, usingizi mzito. Sasa nachagua maharagwe. Hakuna haraka.