Ujumbe wa Matroni Niliouruka

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa kuwa kulisema jambo hili nimeshindwa, mimi ni mtu wa haya kiasi kwamba hata soda humtuma mwingine aniagizie. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi wa sita, naishi na wazazi wangu hapa Al Thumama, Doha, na nimemkosea mama yangu.

Mama ni mkunga. Kule kwetu Kisii alizalisha akina mama katika hospitali ya misheni kwa miaka kumi na mmoja, lakini bima ya afya ya umma ilikuwa ikiwalipa kidogo mno kwa kila uzazi, hata pesa ya glavu na dawa haikutosha, hospitali ikaanza kuwakataa wenye kadi, mwishowe ikaifunga wodi ya wazazi, na Mama akamfuata Baba huku Doha, sasa yuko kliniki moja anapima presha ya watu wanaotafuta kazi, mkono baada ya mkono, na jioni husema, "Leo pia sijasikia mtoto akilia."

Kila Ijumaa asubuhi akipiga pasi sare zake mimi humsomea jumbe za nyumbani kwenye simu yake, naye baadaye hazifungui tena. Ijumaa iliyopita ulikuja wa matroni wake wa zamani, Sista Rael: "Nyanchama, sheria imepita. Bima sasa inatakiwa kutulipa karibu mara mbili ya zamani kwa kila uzazi. Wodi tunaifungua tena. Nafasi yako naishikilia hadi mwisho wa mwezi. Ukinyamaza nitajua umenunua kisima cha mafuta."

Niliusoma kimoyomoyo nikauruka, nikamsomea wa shangazi kuhusu ng'ombe aliyezaa. Mama akauliza, "Ni hizo tu?" Nikajibu, "Ni hizo tu, Mama."

Niliogopa, kwa sababu akirudi nami nitarudi, na kule binamu zangu huniita Mwarabu wa kuchovya, nikifungua mdomo tu wanacheka, na nikajiambia huenda sheria yenyewe ni ya karatasi tu. Lakini Jumapili Mama anatia sahihi mkataba mpya wa miaka miwili, na jana nilimsikia akimwambia Baba, "Nitatia tu, nani ananingoja kwingine?" Nataka kulirekebisha kabla ya Jumapili, na nitalirekebisha, ila sijui nianzie wapi.

Mwenye Haya, Al Thumama

*

Mwanangu, jibu hili nimekutumia kwa barua pepe kabla ya gazeti kutoka, maana Jumapili haitungoji.

Haya yako naielewa, nami nilikuwa hivyo. Lakini haikukuzuia kusema "ni hizo tu" bila kupepesa macho! Mama yako anauliza nani anamngoja, na jibu unalo wewe. Umemkatia shauri mtu mzima, ukamnyima hata nafasi ya kukataa. Na huenda angekataa: ana mume huku, ana wewe, na anajua maisha yenu yanavyoendeshwa.

Kuhusu sheria una hoja, ila wa kuipima ni yeye. Sheria kupandisha malipo ni jambo moja, pesa kufika hospitalini ni jingine. Amuulize Sista Rael: bima imeshaanza kulipa kiwango kipya, au bado wanasubiri? Mshahara wake utaandikwa kwenye barua ya ajira? Na aiombe kliniki wiki moja kabla ya kutia sahihi. Wakimkatalia, basi ataamua akijua anachoacha.

Hofu yako ya kurudi iseme pia, lakini siku nyingine. Ukiichanganya na ungamo hili, mama yako atakuhurumia wewe na kujisahau, kama akina mama tulivyo. Na hao binamu wakicheka, cheka nao. Watachoka.

Leo hii, mpe Mama simu yake mkononi, ujumbe ukiwa wazi. Sema: "Ulikuja Ijumaa. Niliuona, nikauficha." Usiongeze sababu. Atakasirika, tena sana. Kaa hapo hapo mbele yake, usikimbilie chumbani, mpaka amalize.