Wembe wa Siku ya Saba

Mjukuu wangu Sifa,

Kuna jambo sijamwambia mtu: nusura wembe umkate kichanga wa dada yangu. Yeye mzima, na sisi wote huku Kisangani wazima. Usicheke kuitwa mjukuu. Nina miaka kumi na sita, lakini babu yako ni kaka yangu, basi mimi ni koko yako.

Uliuliza kwa nini papa, baba yangu, akinoa wembe huupitisha kwenye jiwe laini, kisha anarudi kwenye lenye kukwaruza. Mimi niliona anapoteza muda. Siku ya saba ya mtoto, siku ya kumnyoa, papa alitoka kupokea wageni. Nikaunoa tena wembe wake kwenye jiwe la kukwaruza peke yake, uwe mkali zaidi.

Aliporudi akaujaribu mkononi mwake. Damu ikatoka.

"Bon," akasema, "wembe hii iko na meno. Mungojee kidogo."

"Papa, mutoto ataota ndevu," tonton, mjomba wetu, akamtania.

"Alors, ndevu utanyoa wewe."

Akaanza upya: mara kumi jiwe la kukwaruza, kumi laini, kisha tano, tano, mwisho moja, moja. La kwanza linakula chuma, la pili linafuta michirizi, na kila akirudi mkono wake unakuwa mwepesi zaidi. Mtoto alinyolewa bila kuamka.

Papa hakuuliza ni nani aliyeugusa wembe. Sasa nasikia hatua zake mlangoni. Nilikuwa nimefunika karatasi hii kwa kiganja; sasa nimekiondoa, aisome.

Koko yako, Zaina