Papa, Kumbe Ni Kushuka

Papa,

Ni mimi Neema. Nimechoka leo, lakini nikingoja nguvu zirudi sitakuandikia kamwe.

Ugonjwa wangu umepata jina. Daktari mmoja wa hapa Bukavu ameniambia nilizaliwa nao, na kwamba unadhoofisha misuli pole pole mpaka inageuka mafuta. Si uvivu. Maman alilia. Mimi nilibaki nikiangalia magoti yangu.

Huyo daktari anataka kujua mazoezi yanafanya nini kwa misuli kama yangu. Nikakubali kumsaidia. Alinipaka mapajani yale mafuta baridi ya ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya mwili, akapiga picha. Kisha nikapanda juu ya sanduku la mbao na kushuka, mara chache tu. Siku mbili baadaye akapiga tena. Kwenye ekrani ya mashine, msuli wenye afya unaonekana mweusi. Wangu ulikuwa na ukungu mweupe tangu mwanzo, na sasa ukungu umezidi, paja limevimba.

"Kupanda si mubaya sana," akasema. "Ni kushuka ndiko kunapasua misuli."

Kushuka, Papa.

Unakumbuka zile ngazi zetu za Nguba? Kila asubuhi ulinipandisha toka ziwani mpaka barabarani. Ulikuwa mwalimu wa michezo, uliamini kila mwili unafundishika. Nikifika juu ninahema, ulinishika bega: "Umeshinda, mama yangu. Sasa tunashuka tu, pumzika."

Kuna jambo nilikuficha. Siku zingine, baada ya ngazi, mkojo wangu ulitoka mweusi kama kahawa. Nilimwaga maji haraka usione. Niliogopa utaacha kunichukua, na asubuhi zile nilikuwa na wewe peke yangu.

Nilipomweleza daktari, aliweka kalamu chini. Akasema ile ilikuwa misuli inayovunjika. "Papa yako hakujua. Hata sisi tunajifunza sasa."

Lakini nilikukasirikia. Wiki nzima. Nikamwambia Maman, "Papa ndiye aliniharibu." Akanieleza kwamba ulipoitwa kuwa prefe, mkuu wa shule, huko Kalehe, ulikataa. Ulisema, "Nani atatembea na Neema?"

Sikujua, Papa. Hasira ikakosa pa kukaa.

Sasa natembea penye tambarare tu, dakika chache, na nasimama kabla ya kuumia. Daktari anasema mwendo mdogo unafaa. Ngazi siziwezi tena.

Jumatatu nitarudi kupigwa picha. Atakuja pia mkulima mmoja wa Mudaka, mwenye mabinti wawili wanaougua kama mimi. Anawakimbiza mlimani wapate nguvu. Daktari ameomba niongee naye.

Pumzika kwa amani, Papa yangu. Nakuahidi nitamwambia ukweli wote. Ila nitaanza kwa kumwambia kwamba mabinti zake wanajua anawapenda.

Neema