Halua ya Mapera

Medellín, 2 Mei 2004

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo Iza? Goti linaendeleaje, na ng'ombe amezaa? Mimi mzima, ila miguu inawaka moto. Hapa kambini tunapanda milima kwa baiskeli kabla hata ya chai.

Chai yenyewe jina tu. Kila asubuhi kocha Wilches anatupima uzito mbele ya wenzetu. Juzi alinifinya kiuno, akasema, "Yamile, huu mzigo unaupeleka sokoni?" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka.

Kwa hiyo halua ya mapera usitume tena, naishia kuigawa. Na pedi pia acha. Tangu Krismasi sijaona siku zangu. Kocha anasema ndiyo dalili kwamba mwili umeiva kwa mashindano. Akinichagua kwa yale makubwa ya Julai, nitakuezekea jiko.

Binti yako,
Yamile

Iza, 9 Mei 2004

Yamile,

Salamu nimezipata. Goti linauma, ng'ombe kazaa dume.

Barua yako nimeichoma jikoni asije akaisoma mtu. Unadhani mama yako kazaliwa jana? Nilipoacha kuona siku zangu, baba yako naye alikuwa na maneno matamu. Tangu lini mwanamume akajua mambo ya hedhi? Mimba ni ya nani, ya huyo kocha? Mimi niliachwa na tumbo nikiwa na umri wako huo huo, nikafua nguo za watu mpaka nikakununulia baiskeli. Usinirudie hapa na tumbo. Mlango hautafunguka.

Mama yako,
Evangelina

Iza, 18 Julai 2004

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya hivi? Jana jirani Custodio aliniita nikuone kwenye televisheni. Ulifika kileleni wa pili, watu wakapiga kelele. Mimi nilikuwa nalitafuta tumbo, sikuliona. Niliona mifupa ya mabega, na uso kama wa bibi yako siku zake za mwisho. Custodio akaniuliza, "Eva, huyu mtoto wanamlisha nini huko?"

Kumbe ulikuwa unasema kweli. Niandikie, mwanangu. Unakula?

Mama

Medellín, 6 Agosti 2004

Mama,

Shikamoo. Pole na goti.

Niko hospitali. Nyonga imevunjika, na wala sikuanguka. Nilisimama kwenye pedali mlimani, ikakatika. Daktari ni mama mtu mzima. Aliniuliza, "Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?" Nikamwambia Krismasi. "Na hukumwambia mtu?" Nikasema nilimwambia mama.

Anasema mwili ukinyimwa chakula huanza kuacha kazi zake, hedhi ikiwemo, na hapo mifupa nayo inaisha nguvu. Yangu anasema ni ya kikongwe. Mashindano ndiyo basi. Kuhusu kuzaa, hajui. Kwa hiyo tulia, aibu hiyo huenda isifike mlangoni kwako.

Kocha hajaja. Kitanda changu kambini kishapewa msichana mwingine.

Mwezi wa tano njaa ilinishinda, nikaanza kuiba mkate jikoni. Ndipo barua yako ikaja. Nikaacha mkate. Nilitaka uone kwa macho yako kwamba sina tumbo. Sasa umeona.

Yamile

Iza, 10 Agosti 2004

Mwanangu Yamile,

Pole sana, mama. Sina la kujitetea. Nilitaka kuja, goti halinibebi. Dereva wa basi amechukua sanduku lako. Mna halua ya mapera, jibini, na sukari guru ya kuchemsha na maziwa. Kula hata kidogo. Nimeweka na pedi. Najua huna kazi nazo sasa hivi, lakini zikae hapo karibu nawe.

Rudi nyumbani. Mlango uko wazi.

Mama

Iza, 2 Septemba 2004

Mwanangu,

U hali gani? Sanduku limerudi na basi la jana. Dereva anasema ulimkabidhi mwenyewe, umeegemea magongo. Jibini limeota ukungu. Halua haijaguswa, hata majani niliyoifungia hukuyafungua.

Nilitoa kila kitu nikakipanga mezani, nikapekua sanduku mpaka chini. Pedi hazimo.

Nakutumia nyingine.

Mama